Desibeli za Chumba cha Ndani

Bi Rukia amefariki. Mimi niliyeketi naye chumba kimoja karibu mwaka mzima nilizipata habari kwa simu, nikiwa naanua nguo. Siku ya hitima nilifika Mkomani, mtaa wa Lamu, nimechelewa. Viatu vilikuwa vimejaa kutoka ngazi za nje hadi mlangoni, nikapenya katikati ya mabuibui mpaka chumba cha ndani, nikakuta hapana pa kuweka mguu. Wanawake walikuwa wamebanana magoti kwa magoti, juzuu mikononi, kila mmoja akisoma yake, na zile sauti zote pamoja zilikijaza chumba mpaka kwenye boriti za dari. Nilisimama mlangoni nikatabasamu peke yangu, jambo la aibu kwenye hitima, kwa sababu kitu cha kwanza kilichonijia kichwani kilikuwa namba. Nilijiuliza ule mstari wa kompyuta yangu wa kupimia kelele ungefika wapi kwa sauti ile. Ungepita wekundu wote. Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango aliniona, akadhani nazuia kilio, akanisogezea nafasi na kunipa juzuu. Nikaketi nikasoma, lakini nusu ya akili yangu ilikuwa imekwenda kwenye mwaka ule, na mpaka leo haijarudi vizuri.

Sina haja ya kusimulia ukoo. Inatosha kusema natoka Kizingitini, na kwamba nilivuka kwenda Lamu nikiwa na miaka ishirini na kitu, kompyuta iliyokwisha kutumiwa na wengine kabla yangu, na ruhusa ya mjomba wangu Athman, mnunuzi wa kamba mawe. Ruhusa ile ilikuwa na mpaka wake. "Maulidi n'taya Lamu mwenyewe," aliniambia. "Nikikukuta una kazi, keti. Nikikukuta huna, tutarudi sote, mizani yakungoja." Watu wote wa visiwani huenda Lamu kwa Maulidi, kwa hivyo halikuwa tishio, ilikuwa ni tarehe tu. Wala kazi ya mizani, kumpimia kamba wake wa baharini, si mbaya. Nimeifanya, na vidole vyangu bado vina alama za miiba ya kamba. Lakini pale kwenye mizani kila mtu aliniita kwa jina la mjomba, na mimi nilitaka kuwa na kitu kimoja kinachojulikana kuwa ni changu. Nilitaka kubaki Lamu. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu siku zote zile, nalala nalo, naamka nalo.

Nilifikia nyumba ya Bwana Omar na mkewe Bi Rukia, wazee wa Mkomani waliojuana na mjomba kwa miaka mingi. Walinipa chumba cha juu kabisa, chini ya paa la makuti, ambapo mchana ni joto na usiku ni raha. Kabla sijazoea hata ngazi zao, Bwana Omar alifariki, na Bi Rukia akaingia eda. Watoto wao walikuja kutoka Mombasa na Uarabuni, wakazika, wakakaa siku za matanga, wakarudi makazini mwao. Bi Rukia alihamia chumba cha ndani, akavaa nguo nyeupe zisizo na urembo, akaacha udi na wanja, akaanza kuhesabu siku zake. Tulibaki nyumbani wawili, yeye na mimi mgeni. Wa tatu alikuwa mdogo wake, Bi Mwana, aliyekuja kila mchana na chakula. Bi Mwana ukimsikia anakohoa mwanzo wa kichochoro, unajua una muda wa kutosha wa kutandika mkeka kabla hajafika.

Kazi nilikuwa nimeiona mtandaoni. Kampuni moja ya mbali ilitaka watu wa kusoma sentensi za Kiswahili kwa sauti, ili simu zijifunze kutuelewa tukizungumza nazo. Huonani na mtu. Unafungua ukurasa wao kwenye kivinjari, unakiruhusu kitumie maiki, na kabla hujasoma hata neno moja, ukurasa unakupima. Kulikuwa na mstari uliolala, kijani upande wa kushoto, manjano katikati, nyekundu mwisho, na chini yake namba ya desibeli inayorukaruka. Sharti la kwanza lilikuwa la ukimya: unyamaze wewe, chumba kinyamaze, na namba ishuke chini ya hasi hamsini. Ile hasi ilinihangaisha. Kwenye mizani ya mjomba sufuri maana yake hakuna kitu, na kamba wakizidi namba inapanda. Huku sufuri ndiyo kelele ya mwisho kabisa, na ukimya unahesabiwa kwenda chini, hasi thelathini, hasi arubaini, kama mtu anayeshuka kisimani. Siku ya kwanza niliona hasi ishirini nikafurahi, nikadhani nimefaulu, nikapiga simu nyumbani kutangaza. Ukurasa ukanijibu kwa wekundu kwamba chumba changu kina kelele mno.

Basi nikaanza kutafuta ukimya katika nyumba ya Mkomani, na ndipo nilipojua watu wanaishi karibu kiasi gani. Chumbani kwangu upepo ulisugua makuti mchana kutwa. Nikishuka ghorofa ya kati, kulikuwa na fundi wa milango nyumba ya pili, patasi yake ikidonoa mbao, na kila pigo lake lilikuwa kilima kwenye skrini yangu. Uani nilisikia madrasa. Barazani nilisikia punda, na punda haonyi kabla ya kulia. Adhana sikuiweka katika hesabu ya kelele. Ikiadhiniwa nilifunga kompyuta nikaenda kutawadha. Palikuwa na kichumba kidogo karibu na wikio, lile daraja la juu linalounganisha nyumba mbili, na nilidhani pale nimepata, kumbe ndipo majirani wawili walipokuwa wakisimama kuzungumza dirisha kwa dirisha. Mmoja alikuwa amepokea posa ya bintiye, na mwenzake alikuwa na mashaka na pua za ukoo wa mposaji. Nilikaa pale na maiki wazi, mstari ukipanda na kushuka kwa pua za watu, na sikupima kitu siku ile kwa sababu nilitaka kujua mwisho wake. Waliikubali posa. Walisema watoto watafuata upande wa mama.

Siku moja baada ya alasiri Bi Rukia aliniita kutoka ndani.

"Mwanangu, mbona wapanda na kushuka yeo? Wamtafuta paka?"

"Natafuta mahali penye kimya, Bi. Kwa ajili ya ile kazi."

"Kimya?" Alifikiri kidogo. "Ndoo hapa basi. Kimya chote kimeketi hapa na mimi."

Sijawahi kuingia chumba kilichonipokea vile. Chumba cha ndani kiko nyuma ya vyumba vingine vyote, hakina dirisha la mtaani, na kuta zake za mawe na chokaa ni nene kuliko urefu wa mkono wangu. Ukuta mmoja mzima ulikuwa wa zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu, na ndani yake sahani za zamani, chupa za marashi ambazo kwa eda ile hazikufunguliwa, na misahafu. Ukisema neno pale halikurudii. Linaingia zidakani, linabaki humo. Humo ndimo walimozaliwa watoto wa nyumba ile na ndimo walimooshewa maiti wake, na sasa humo ndimo Bi Rukia alimoketi juu ya kitanda chake cha kamba, tasbihi mkononi, na gilasi ya chai ya tangawizi juu ya stuli. Alinionyesha pembe yenye mkeka. Nikaketi, nikafungua kompyuta, nikanyamaza, naye akanyamaza. Mimi nilijua nimefika.

Namba ikaanza kupanda. Hasi arubaini na tano, hasi arubaini, hasi thelathini na tano. Chumba kimya kuliko vyote nacho kilipimwa kuwa na kelele mno, na kadiri tulivyonyamaza ndivyo mstari ulivyozidi kutambaa kuelekea manjano. Nilimwomba radhi Bi Rukia kwa niaba ya mashine. Kesho yake niliipeleka kwa Swaleh, kijana aliyekuwa na duka la kompyuta kichochoro cha nyuma, mtu wa Lamu kabisa lakini aliyesoma Nairobi akarudi na lugha ya huko. Aliitazama, akabonyeza mahali, akacheka.

"Sista, kompyuta yako iko na adabu mob, imezidi," alisema. "Ikiona room iko kimya, inadhani unaongea polepole na haikusikii. So inajiongezea maiki yenyewe, kidogo kidogo, mpaka inasikia ukuta ukipumua. Ni kivinjari kinafanya hivyo. Zima hapa, na hapa, na hapa." Kisha akaniinulia kidole. "Na hii namba si kelele ya ukweli ya chumba, usije ukashtaki mtu nayo kwa chifu. Inapima tu kile maiki inaleta."

Niliporudi ndani namba ilishuka mpaka hasi arubaini na nane, na nilikuwa karibu kuimba. Ilibaki kidogo tu. Lakini hicho kidogo kilikataa. Mstari ulitulia, kisha ukainuka kijilima, ukatulia, ukainuka kijilima kingine kilicho sawa na cha kwanza, kwa mwendo uleule, bila kuchoka. Haukuwa upepo wala patasi. Niliutazama kwa muda mrefu kabla sijainua macho, na nilipoinua, nikaona midomo ya Bi Rukia. Kila midomo ilipokutana na kuachana, mstari uliruka. Kila kidole kiliposogeza punje ya tasbihi, mstari uliruka kidogo zaidi. Alikuwa akimtaja Mola wake kwa sauti ambayo mimi niliyekaa hatua chache kutoka kwake sikuisikia, lakini maiki iliisikia yote.

Sasa mtu asiyetoka kwetu ataniuliza kwa nini sikumwambia. Ningemwambia nini? Mjane aliye kwenye eda, amenikaribisha katika chumba chake, ananyunyiza dhikri juu ya kaburi jipya la mumewe, nimwambie, Bi, wanipigia kelele? Maneno yale hayakuwa na mahali pa kutokea. Aliponiuliza, "Haiyakubali?", nilimjibu kwamba kompyuta ina ugonjwa. Nikajikuta nimeyasema hayo siku ya pili, na ya tatu, na baadaye nikawa na historia nzima ya ugonjwa ule, unavyoanza, unavyozidi jioni, dawa ambazo Swaleh amejaribu. Bi Rukia alisikiliza kwa huruma. Alimfunga paka nje. Aliacha kukoroga chai. Alimwamuru Bi Mwana aning'inize leso mbili mlangoni. Feni ya juu aliizima, akasema anaona baridi. Na dhikri yake, nikimtazama kwa pembe ya jicho, aliipunguza zaidi, ikawa ni pumzi tu, na ile pumzi yenye masubhana yake ilikuwa mbaya zaidi kwa maiki kuliko sauti. Tulikaa hivyo wiki baada ya wiki, watu wawili tunaoheshimiana, tukitoka jasho.

Wala sikuwa na dhiki. Hili nataka nilieleze vizuri, kwa sababu wasiwasi ulikuwepo na raha ilikuwepo, na vyote viwili vilikaa chumba kimoja. Asubuhi nilimsomea habari za mtandaoni, naye akanisahihisha jinsi ya kukaanga samaki. Mchana Bi Mwana alileta wali wa nazi na samaki wa kupaka, tukala sinia moja, na nilisikia habari za Mkomani nzima, nani amefungua chumba kwa wageni, nani amegombana na nani kwa ajili ya mfereji. Baada ya alasiri walikuja wanawake kumtazama mwenye eda, wakanikuta pembeni na mashine yangu, wakanizoea. Waliponisikia nikijaribu sentensi za kampuni, wakacheka kwa jinsi zilivyokuwa za ajabu. "Tafadhali nionyeshe njia ya kwenda benki iliyo karibu." "Ndia ya benki waiyua wewe na watu wote," alisema mmoja. "Wamuuliza nani?" Nilikuwa na furaha pale, na ndiyo maana niliogopa. Maulidi yalikuwa yakikaribia, na kampuni ilikuwa imeniandikia kwamba nisipofaulu kipimo kabla ya mwisho wa mwezi nafasi yangu itapewa mwingine.

Aliyetufungua ni Bi Mwana. Aliingia mchana mmoja na chungu cha mbaazi, akatukuta tumeketi kimya, uso wa dada yake unang'aa kwa jasho, mimi nimeinamia skrini.

"Mbona mumenyamaa?" aliuliza, na mstari ukagonga wekundu. "Mumegombana?"

"La," alisema Bi Rukia. "Kompyuta ya mwanangu ni mgonjwa."

Bi Mwana aliweka chungu chini akaja kusimama nyuma yangu. Alitazama mstari, akatazama kitandani, akatazama tena mstari. Nilijaribu kuifunga kompyuta akanishika mkono. Kisha akasema, bila hata kupunguza sauti, "Si mgonjwa. Ni wewe, Rukia. Kula mara ukitukusa mdomo, hiki kidude chapanda."

Nilitamani zile zidaka zinimeze. Bi Rukia aliishusha tasbihi mapajani, akaniuliza polepole, "Ni kweli, mwanangu?"

"Ni kweli, Bi."

"Tangu lini umeyua?"

"Tangu siku ile niliporudi kutoka kwa Swaleh."

"Na hukunambia."

"Niliona haya, Bi."

Mabega yake yakaanza kutikisika, nami nikadhani analia, nikainuka. Alikuwa akicheka. Alicheka bila sauti mwanzo, halafu kwa sauti, mkono mdomoni kwa sababu ya eda, machozi yakimtoka. Tangu kufa kwa Bwana Omar hakuna aliyekuwa amemsikia akicheka, na Bi Mwana, mwanamke asiyeweza kunyamaza, alinyamaza. "Na mimi hiyo feni," alisema Bi Rukia alipopata pumzi, "nimekufa na joto. Sikuona baridi hata siku moya. Niliogopa kukuharibia kazi, nikaona haya kukuuliza ni kitu gani." Bi Mwana akatutazama kwa zamu. "Mtakufa na haya zenu," alisema. "Nipishani nikaiwashe hiyo feni." Akaiwasha, tukala mbaazi chini ya upepo, na sikumbuki chakula kilichonikaa tumboni vizuri kama kile.

Alitaka aonyeshwe. Nilimsogezea kompyuta kitandani, akaweka midomo karibu na maiki, akataja Subhanallah kwa sauti yake ya kawaida, nasi tukautazama mstari ukipanda kijani na kushuka. Akarudia. Alipendezwa sana. "Hiki chasikia pumzi ya mtu," alisema. "Lakini yaliyo moyoni hakiyasikii?" Nikamwambia hakiyasikii. "Basi ukiwa wasoma, mimi n'tasoma moyoni. Ukimaliza, n'tarudi kwa ulimi. Mngu asikia kote kuwili." Jambo lililonisumbua wiki kadhaa likamalizika kwa maneno hayo.

Hata hivyo yalibaki Maulidi yenyewe. Siku niliyopanga kufanya kipimo cha mwisho mji ulikuwa umefurika. Watu wa Pate, wa Faza, wa Kiunga, wa Mombasa walikuwa vichochoroni, matwari yalipigwa tangu asubuhi, na vijana walipita na kasida chini ya nyumba yetu. Tulizima feni, tukafunga milango yote mitatu. Bi Mwana, kwa hiari yake, alikwenda kukaa barazani kuwaambia wapitaji wapite upande wa pili, na sauti yake ya kuwataka wanyamaze ndiyo iliyokuwa kelele kubwa kuliko zote, mpaka tukamwomba aingie. Akaketi miguuni pa kitanda na kitambaa mdomoni. Zidaka zilizimeza ngoma zilizobaki. Nilibonyeza, ukurasa ukataka sekunde chache za ukimya, na sisi watatu tukazuia pumzi. Bi Rukia alifumba macho, tasbihi imelala mkononi bila kusogea. Namba ikashuka. Hasi arubaini na tisa, ikasita, hasi hamsini na moja, hasi hamsini na nne. Kijani. Nikasoma sentensi zao, benki na hospitali na hali ya hewa, na mwisho likatokea neno moja kwamba nimekubaliwa. Bi Mwana alitoa kitambaa mdomoni akapiga kigelegele kimoja kilichosikika, nadhani, mpaka Shela.

Mjomba Athman alikuja jioni ile, mwenye kanzu safi na mfuko wa kamba mawe wa zawadi. Hakuweza kuingia ndani kwa sababu ya eda, akaketi kwenye daka, mbele ya mlango wa nyumba, na Bi Rukia akazungumza naye akiwa nyuma ya pazia. Mimi nilisimama katikati na sinia la kahawa, nikisikiliza watu wawili wasioonana wakinijadili.

"Wanambia ana kazi," alisema mjomba. "Kazi gani hiyo, Bi Rukia? Kuketi nyumbani na kusema peke yake?"

"Yuasoma, na huko nde kuna watu wamsikiza. Nimeyaona kwa mato yangu."

"Na wanaomtuma ni nani, ni nyinyi?"

"Hatumtumi sisi. Kazi ni yake."

Mjomba akanywa kahawa yake mpaka masimbi ya chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, lakini yeye ni mtu wa mizani, hupima mara moja. "Sawa," alisema. "Nyumba ikikutaka, keti. Isipokutaka, mashua ipo." Akaniachia mfuko wa kamba, akaenda kwenye Maulidi.

Nilisikia furaha ya kupewa ruhusa, na maneno yake nikayaweka moyoni bila kuyachunguza. Baadaye ndiyo yaliyonichoma. Miezi iliyofuata nilisoma kila siku kwenye mkeka ule, Bi Rukia akisoma moyoni, na nikimaliza nikimwambia "Tayari, Bi," sauti yake inarudi chumbani, na mimi nafanya mambo yangu huku nikiisikia. Kisha eda ikaisha. Walikuja wanawake, wakamwogesha, wakamvisha nguo mpya, udi ukawashwa nyumba nzima kwa mara ya kwanza tangu msiba, na akatoka kwenda kuwazuru wote waliokuja kumtazama. Alikwenda asubuhi, alikwenda jioni, siku baada ya siku. Ilikuwa haki yake, na nilifurahi kumwona na wanja machoni.

Siku ya kwanza niliyobaki peke yangu ndani nilifungua ukurasa nikapima. Namba ilishuka, ikapita hasi hamsini, ikapita sitini, ikatulia mahali ambapo sikuwahi kuiona. Ule ndio ukimya niliouhangaikia miezi yote ile, umekamilika, hauna kijilima hata kimoja. Nilisoma sentensi tatu nikazifuta. Nilijaribu tena, sauti yangu ikawa ya mtu anayesoma barua ya mwingine. Nikaketi nikiutazama ule mstari uliolala, na hapo ndipo neno la mjomba lilipotoka moyoni likasimama mbele yangu. Nyumba ikikutaka. Niliitwa ndani kwa sababu ya mjane aliyeketi peke yake, na sasa hakuwa peke yake, hakuwa ndani, na hakuna aliyenieleza mimi ni nani tena katika nyumba ile. Yeye hakusema kitu. Mimi sikuuliza kitu. Siku zikapita, na nikaanza kukunja nguo zangu kidogo kidogo, zile nisizozivaa kwanza, ili jambo likija linikute niko tayari na hakuna atakayelazimika kuniambia.

Nilikuwa nimeshika dera langu la mwisho safi nilipojiona ninachofanya. Ni jambo lilelile. Nilikuwa nimerudi kuitibu kompyuta isiyo mgonjwa. Nikaliweka dera juu ya kitanda, nikashuka ngazi, nikaketi kwenye daka kumngoja. Ilikuwa karibu na magharibi alipotokea kwenye kichochoro, buibui jipya, tambuu mdomoni, akitembea taratibu kwa kuwa miguu ilikuwa imesahau mwendo. Aliponiona pale alisimama.

"Bi," nilisema, kabla haya haijanishika ulimi. "Eda imekwisha. Nataka kubaki hapa. Lakini nataka kujua kama bado wanitaka."

Alitema tambuu pembeni, akajifuta mdomo kwa ncha ya leso.

"Kula siku natoka mapema," alisema, "nizunguke kwa watu, niteke nao na meno nde, nile tambuu nisiyoiona ladha yake. Naogopa kurudi nikute umefunga mizigo. Naona haya kukuuliza."

Tulisimama pale kwenye daka, mmoja upande wa mlango na mmoja upande wa kichochoro, na wapita njia wakatusalimu tukawaitikia. Kisha akaingia, akavua viatu, akaniuliza kama nimekula. Miezi yote ile swali hilo nilikuwa nikilijibu kwa adabu kwamba nimeshiba. Safari hii nilisema kweli: sijala, Bi, na nina njaa.